Kobalti iko yetu, lakini umeme wa kuchaji gari je?

Kutoka Oicha mpaka Kampala, kwa kupita Beni na Kasindi, ni kilomita zaidi ya 500. Dereva wa gari ya mafuta hawazi mingi: anajaza kwa dakika chache, anaendelea. Mwenye gari ya umeme lazima ahesabu kwanza.

Tuhesabu naye. Gari ya kadiri iko na betri ya kilowati-saa 60. Kwenye njia nzuri inatembea kilomita 300 mpaka 400. Kwenye matope na milima, chini ya hapo. Basi mbele ya kufika Kampala atasimama angalau mara moja. Akichomeka kwenye umeme wa nyumba wa kilowati 2, atangoja saa 30. Chombo cha kuchaji haraka, cha kilowati 150, kinapandisha betri toka 10 mpaka 80 kwa mia karibu nusu saa.

Sababu gani mpaka 80 tu? Betri iko sawa na gunia la mchanga. Likiwa tupu unamwaga beleshi juu ya beleshi. Likikaribia kujaa, unashindilia polepole. Kupita 80, gari yenyewe inapunguza nguvu ili betri isiharibike. Ndiyo maana huko Ulaya madereva wa safari ndefu wanasimama mara mbili kwa ufupi, hawangoji ijae.

Shida yetu ni nguvu. Mwaka 2013, Hifadhi ya Virunga ilifungua kituo chake cha kwanza cha umeme wa maji pale Mutwanga, cha karibu kilowati 400. Vyombo vitatu vya kuchaji haraka, vikifanya kazi pamoja, vingekula umeme ule wote.

Huku tunachimba dhahabu, lakini habari hii inagusa kila mchimbaji. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, kule Lualaba na Haut-Katanga. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuiuza inje juu bei ilikuwa imeanguka. Toka Oktoba inaruhusu kwa kiasi kilichopangwa. Wakati huohuo, viwanda vya China vinatengeneza betri za chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Kwa uzito uleule zinabeba umeme kidogo zaidi, lakini bei iko chini na zinadumu. Mnunuzi anaweza kubadili jiwe analotaka. Mwenye jiwe bila umeme wala kiwanda anabaki kungoja bei ya wengine.

Kwetu, mwanzo unaweza kuwa pikipiki. Rwanda, kampuni ya Ampersand ilianza kazi hiyo mwaka 2019: motari hangoji kuchaji. Anatoa betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, anarudi kazini kwa dakika chache. Betri zile zinachajiwa polepole, basi umeme kidogo unatosha. Paneli kumi za jua za wati 400, kwa saa tano za jua kali, zinatoa karibu kilowati-saa 20. Kwa gari ni kilomita 100 hivi. Kwa pikipiki ni betri kadhaa, yaani kazi ya siku kwa mamotari kadhaa.

Lakini usalama unatangulia. Nani ataweka mali yake kando ya njia ya Eringeti, pale magari yamewahi kungoja msafara wa askari ndipo yapite? Wanaotuahidi magari ya umeme, tuwaulize kwanza juu ya njia ile.