Maradhi ya Mashine Iliyolala

Aghalabu mtu aliyerithi mashine ya petroli ya kukatia majani, iliyokaa ghalani miaka mingi, huivuta kamba mara ishirini, akaona haiitiki, akahukumu kwamba imekufa kwa uzee; ilhali injini za namna hii, kama zile za alumini ambazo Briggs & Stratton wa Milwaukee, Marekani, walianza kuzitoa mwaka 1953, huumizwa na kulala kuliko kazi.

Tabibu hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Na fundi, akiisha kuchomoa waya wa plagi kwa hadhari ya kisu kilicho chini, huanza kwa kutafuta pumzi, akilizungusha gurudumu zito la injini kinyumenyume kwa mkono: likimrudishia kwa nguvu, silinda ingali inabana hewa. Likilegea, valvu au ringi zina ila.

Pumzi ikisihi, na itafutwe cheche. Katika injini za kale cheche hutegemea platini, yaani vyuma viwili vinavyogusana na kuachana chini ya gurudumu lile, navyo kwa kukaa bure hushika utando usiopitisha umeme; basi husuguliwa kwa tupa laini, vikapanguswa kwa karatasi safi, na mwanya wao ukawekwa nusu milimita. Papo hapo fundi huitazama kabari ndogo inayolishika gurudumu kwenye mhimili, ambayo kwa makusudi hufanywa ya madini laini, ili kisu kikigonga jiwe ikatike yenyewe na mhimili usalimike. Nayo ikipinda kidogo tu, cheche huja kabla au baada ya wakati wake, na mwenye mali akailaumu kabureta isiyo na hatia.

Ama kabureta ikiwa na hatia, hatia hiyo ni ya petroli ya zamani, ambayo hukauka ikaacha ulimbo katika vitundu vyembamba. Visizibuliwe kwa waya wa chuma, maana kitundu kikitanuka hakirudi. Dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa pampu hutosha.

Mashine ikiisha kupona, isilazwe tena ovyo: imwagwe petroli, ibadilishwe oili, kisha kamba ivutwe polepole mpaka mkono uhisi ukinzani, kwani hapo valvu zote zimefunga, na unyevu hauna mlango wa kuingilia.