Masasi hadi Newala kwa Farasi wa Sataranji

Mchezaji wa klabu mwenye pointi 1500 za Elo, kipimo cha uwezo wa mchezaji wa sataranji, tumweke Masasi. Umasta tuuweke Newala, juu ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kwenye pointi 2200, ambako FIDE, shirikisho la sataranji duniani, huanza kugawa vyeo vilivyo wazi kwa wote, wanaume na wanawake. Baina ya miji hiyo tuseme ni kilomita 70. Baina ya pointi hizo ni 700. Kilomita moja, pointi kumi. Haya, tupande!

1. Mlima mchoyo kuliko yote

Mtu mzima aliyekwisha kucheza michezo 30, akiwa chini ya 2400, akimfunga mpinzani wa kiwango chake huvuna pointi 10, yaani kilomita moja. Akifungwa, anarudishwa kilomita moja. Sare haimsogezi popote. Kwa hiyo kufika Newala, akikutana na watu wa kimo chake njia nzima, ushindi wake uzidi vipigo kwa 70. Aliyeshinda 60 na kufungwa 40 katika michezo mia amesogea kilomita 20 tu! Akishafika 2400 mambo yanazidi kukaza: ushindi uleule unampa mita 500.

2. Pengo linaloumiza

Wa Masasi akikaa mezani na wa Newala mara 100, hesabu za Elo zinamwachia kiasi cha ushindi mmoja na sare moja. Ni Simba kuialika timu ya shule.

3. Miguu myepesi

Abhimanyu Mishra wa Marekani alifuzu ugrandmasta, cheo cha juu kabisa cha FIDE, tarehe 30 Juni 2021 akiwa na miaka 12, miezi 4 na siku 25. Ugrandmasta unadai pointi 2500, kwa kipimo chetu kilomita 100 kutoka Masasi. Umri huo, huku kwetu mtoto bado yuko na kaptula ya darasa la sita. Rekodi aliyoivunja, ya Sergey Karjakin, ilikuwa imesimama karibu miaka 19.

4. Mvi zenye cheo

FIDE ilipotoa vyeo vya kwanza vya grandmasta mwaka 1950, waliopewa walikuwa 27: Coaster moja inawabeba wote. Kiti cha mbele angeachiwa Jacques Mieses, aliyezaliwa 1865. Miaka 85!

5. Kichwa chenye nafasi kubwa

Desemba 2016, Las Vegas, Timur Gareyev alifungwa kitambaa machoni, akapanda baiskeli ya mazoezi na kucheza na watu 48 kwa mpigo. Alishinda 35, akatoka sare 7, akafungwa 6. Mbao 48 zina vipande 1,536, sawa na kete zote za bao 24. Mafundi wa kijiweni mnaojisifia mtaji wa jana, hapo tulieni kidogo.

6. Safari iliyoanza na uji

Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alimfuata kaka yake hadi kwenye darasa la sataranji la Robert Katende, ambako watoto walipewa uji. Njaa ndiyo iliyomwingiza, mchezo ukamshika. Mwaka 2012, kwenye Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul, akapata cheo cha Masta Mtarajiwa wa Wanawake. Hakungoja pointi 2000 zinazodaiwa na cheo hicho cha wanawake: kanuni ya Olimpiadi ilimpa cheo mtu aliyepata nusu ya alama katika michezo isiyopungua tisa. Kuna watakaoiita njia ya mkato. Mimi nasema nusu ya alama mbele ya mataifa, kwa msichana aliyekulia kwenye vibanda vya Katwe, inawapita wote niliowataja, Mishra akiwemo.

7. Kilele

Mei 2014 Magnus Carlsen wa Norwei aligonga 2882. Kutoka 1500 ni kilomita 138: Masasi hadi Newala na kurudi, kasoro kilomita mbili. Binadamu aliyefika 2900 bado hajapatikana.