Afisa wa Watoto Akija Nyumbani Kwako

Ndugu wanakikundi, wengi wetu tungependa kulea mtoto asiye na mlezi, lakini tunaogopa ile siku afisa wa watoto atakapokuja kukagua boma. Tunadhani anatafuta nyumba ya mawe. Sivyo! Anataka kujua kama mtoto atakuwa salama na kama tunasema ukweli.

Basi tutayarishe nini?

1. Mahali pa kulala: godoro, blanketi na neti.

2. Hatari: dawa za shamba, mafuta ya taa na panga vifungiwe. Kisima na pipa la maji vifunikwe. Choo kiwe na mlango.

3. Karatasi: kitambulisho, cheti cha ndoa kama unacho, na cheti cha polisi cha mwenendo mwema.

4. Watu wa nyumbani: zungumzeni mapema na watoto wenu na nyanya. Afisa atawauliza. Mtoto wako akisema hataki mgeni, usimnyamazishe.

Usiazime viti kwa jirani. Afisa hurudi hata baada ya mtoto kuletwa. Akiuliza juu ya deni au ugonjwa, jibu wazi.

Jueni pia: malezi ya kambo ni ya muda, na mtoto anaweza kurudi kwao. Kuasili ni kwa amri ya korti, na ni kwa kudumu. Mwambie afisa unaomba lipi. Lakini kumchukua mtoto kimyakimya, hata kwa huruma, ni hatari: anaweza kuondolewa wakati amekwisha kukuzoea.

Kikundi, mtembeleeni mwenzenu wiki moja mbele. Macho mengi huona pipa lisilo na kifuniko.