Picha Ukutani: Jinsi Kijiji Kiwezavyo Kujitengenezea Mabango

Sauti ya redio ina mbio, lakini haikai. Mtu akiwa kisimani saa tusemapo, maneno yetu yampita, wala hawezi kuyaita yarudi. Picha iliyobandikwa ukutani si hivyo. Hiyo humngoja mwenye haja asubuhi na jioni, naye aweza kuitazama mara kumi pasipo kumwudhi mtu. Kwa sababu hiyo twapenda leo kueleza habari za mabango ya picha, na hasa jinsi watu wa mahali pamoja wawezavyo kukutana na kuyatengeneza wenyewe, ili kuondoa taabu inayowasumbua.

Labda mtu atauliza, "Kwa nini tujitaabishe? Je, mabango hayaletwi kutoka mjini, yamepigwa chapa vizuri?" Ni kweli, huletwa, na mengine ni mazuri sana. Lakini mchoraji wa mjini hajui kama kisima chenu kina ukingo au hakina, wala hajui kama mwachota kwa ndoo au kwa kata. Achora nyumba ya bati, nanyi mwakaa katika nyumba za makuti. Basi mtazamaji husema moyoni, "Hayo ni ya watu wengine," akapita zake. Husimuliwa hadithi ya bwana afya mmoja aliyewaonyesha wanakijiji picha ya mbu aliyekuzwa hata akawa mkubwa kama kuku. Wazee wakamshukuru Mungu, wakasema kwamba mbu wa kwao ni wadogo mno, hawawezi kudhuru mtu. Kama jambo hilo lilitokea au lilitungwa, mafundisho yake ni kweli: picha nayo ni lugha, na kila lugha ina watu wake wajuao kuisoma.

Kazi hii ya kutengeneza mabango kwa pamoja si mpya. Huko Marekani, katika miaka ya dhiki ya biashara, serikali iliwapa wachoraji wasio na kazi kazi ya kutengeneza mabango. Tangu mwaka 1936 hata 1943 walitoa mabango yanayokadiriwa kuwa milioni 2, kutokana na michoro yapata 35,000, juu ya afya, usafi, elimu na mengineyo. Hapo kwanza walichora kila bango kwa mkono. Kisha Anthony Velonis, mchoraji wa mji wa New York, akawafundisha wenzake kupiga chapa kwa kitambaa cha hariri, ndipo bango moja likaweza kuzaa mamia kwa muda mfupi.

Huku Afrika nako kazi hii ina habari zake, na nyingine ni za huzuni. Katika mji wa Gaborone, Botswana, palikuwa na chama cha wasanii kilichoitwa Medu, ambacho wengi wao walikuwa wakimbizi kutoka Afrika Kusini. Walitengeneza mabango ya kupinga utawala wa ubaguzi. Mwaka 1982 walifanya mkutano mkubwa wa wasanii, na baada yake karakana za mabango zikaanzishwa Johannesburg na Cape Town. Huko vyama vya wafanyakazi na vya wakaaji wa mitaa vilikuja kujifunza kuchapa vyenyewe. Waalimu hawakuwachapia, waliwaonyesha njia tu. Tarehe 14 Juni 1985 askari wa Afrika Kusini walivuka mpaka usiku, wakaingia Gaborone na kuua watu 12. Mmoja wao alikuwa Thami Mnyele, mchoraji wa Medu. Tuelewe basi: karatasi na wino si mchezo wa watoto.

Walakini kazi tunayoieleza leo ni ile ya nyumbani, ya kupigana na maradhi. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani na wenziwe walijaribu njia mpya ya kufundisha usafi katika nchi za Botswana, Kenya, Uganda na Zimbabwe. Wachoraji wa nchi hizo walichora watu, visima na vyoo vya kwao, na wanakijiji wakapewa picha hizo bila hotuba. Wakaambiwa wazigawe mafungu matatu: mambo mema, mambo mabaya, na yale yaliyo katikati. Kisha wakazipanga kuonyesha njia ambazo uchafu wa choo hufuata hata kufika kinywani: kwa vidole, kwa nzi, kwa maji, kwa udongo wa shamba, na kwa chakula. Katika kubishana juu ya picha watu walijifundisha wenyewe, na neno ulilolifikia mwenyewe hulisahau kwa shida.

Sasa tueleze jinsi ya kufanya. Watafutwe watu kama 15, wake kwa waume, wazee na vijana, na asikosekane mwalimu mmoja na mtu wa zahanati. Si lazima wote wajue kuchora. Mjuzi mmoja au wawili watosha. Siku ya kwanza wasiguse karatasi. Watembee kijijini, watazame kisima, vyoo, soko na zahanati, na kuuliza ni taabu gani inayowaumiza watu zaidi. Kisha wachague jambo moja tu. Bango lenye mambo matano halina hata moja.

Siku ya pili kila mmoja achore mawazo yake kwa mkaa au kalamu ya risasi, hata kama mkono wake ni mzito. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mara nyingi wazo jema hutoka kwa yule asiyejua kuchora. Michoro itundikwe ukutani na kujadiliwa. Picha iwe kubwa na wazi, isiwe na miti na milima nyuma yake isiyo na kazi. Maneno yawe machache, yaweze kusomwa na mtu aliye hatua kumi mbali.

Siku ya tatu ni siku ya kujaribu, nayo ndiyo ipitayo zote. Mchoro upelekwe kwa mtu ambaye hakuwapo. Asiulizwe, "Je, umeelewa?" kwa maana kwa adabu atajibu ndiyo. Aulizwe, "Waona nini hapa?" Tena msimsaidie kujibu. Alama ya mkasi, ambayo kwa mwanafunzi ina maana ya kosa, kwa bibi asiyepita shule ni vijiti viwili vilivyopishana. Asiposoma kama mlivyokusudia, kosa ni la mchoro, si lake.

Tutoe mfano uonyeshao uzito wa jambo hili. Tuseme watoto wa kijiji wanaharisha, nanyi mwataka kuwafundisha wazazi kinywaji cha kurudisha maji mwilini. Dawa bora ni ile ya pakiti kutoka zahanati. Ikiwa haipo, huchanganywa lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si kilima. Mchoraji akichora kijiko kikubwa cha kupakulia, au kijiko kilichojaa chumvi hata kumwagika, bango lake laweza kumdhuru mtoto, kwa kuwa chumvi ikizidi ni hatari. Basi chukueni kijiko chenyewe kitumikacho nyumbani kwenu, kiwekeni mezani, mkichore kama kilivyo, na ubapa wa kisu ukisawazisha juu yake. Msichore chupa yoyote tu. Chupa nyingine ni za nusu lita, nyingine si hivyo. Ikiwa za nusu lita ndizo mjuazo, chora mbili. Kisha mwiteni mzazi mmoja, afuate picha na kuchanganya mbele yenu, nanyi mnyamaze. Akikosea, chora tena. Bango lenu limwonyeshe pia mzazi akimpeleka mtoto zahanati kwa haraka, kwa maana mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa hangojwi nyumbani.

Mchoro ukishinda jaribio, sasa uchapwe. Tengenezeni fremu ya mbao, na juu yake kazeni kitambaa chembamba kama ngozi ya ngoma. Kateni umbo katika karatasi ngumu, mlilaze chini ya kitambaa, kisha mimineni wino mzito na kuukokota kwa ubao wenye ukingo wa mpira. Wino hupita palipokatwa tu. Kila rangi yataka karatasi yake, kwa hiyo rangi mbili zatosha. Pasipo vifaa hivyo, mabango 10 yaliyochorwa kwa mkono yatafaa kwa kijiji kimoja.

Mwisho, fikirini mahali pa kuyatundika. Bango la kunawa mikono likae karibu na choo, wala si ofisini. Tena bango haliwezi kufanya kazi ya maji na sabuni. Mkiandika "Nawa mikono" mahali pasipo hata kopo la maji, mwawadhihaki watu. Kwa hiyo kabla ya kutundika, wekeni kopo. Baada ya mwezi mmoja rudini mtazame: je, kopo lina maji? Jibu la swali hilo ndilo litakalowaambia kama bango ni jema.

Penye wengi hapaharibiki neno. Kijiji kilichokaa siku tatu kikitafuta picha ya taabu yake, kimekwisha kuanza kuitazama taabu hiyo usoni. Hata karatasi ikinyeshewa mvua na kuchanika, wale 15 walioichora wangalipo, nao wajua sababu ya kila mstari.