Mbu mgeni, matangi ya Eastlands na hesabu ya siku 37

Muulize mkazi wa Umoja, Kayole au Dandora kuhusu malaria, atakuambia ni ugonjwa wa Kisumu na wa huku kwetu Pwani. Akishikwa na homa baada ya likizo, lawama zote humwendea mbu wa kule alikotoka. Kwa miaka mingi amekuwa na haki ya kusema hivyo. Lakini kinachomlinda si ukuta. Ni hesabu, na hesabu hubadilika hali inapobadilika.

Hesabu yenyewe ni hii. Mbu akimuuma mgonjwa wa malaria, hawezi kumwambukiza mwingine siku hiyo hiyo. Vimelea lazima vikue kwanza tumboni mwake hadi vifike kwenye mate, na muda huo hutegemea joto. Wataalamu huchukua nyuzi za joto, wakatoa 16, kisha wakagawa 111 kwa kinachobaki. Jibu ni idadi ya siku. Chini ya nyuzi 16, kimelea kikali zaidi cha malaria hakikui.

Mombasa wastani wa joto ni takriban nyuzi 26. Toa 16, unabaki na 10. Jibu ni siku 11. Nairobi wastani ni takriban 19. Unabaki na 3. Jibu ni siku 37. Sasa tuseme kila siku mbu mmoja kati ya kumi hufa. Kati ya mbu 100 waliobeba vimelea Mombasa, takriban 31 watafikisha siku 11. Nairobi, watakaofikisha siku 37 ni wawili tu. Wengine watakuwa wamekufa kabla ya kuwa hatari.

Hii ndiyo inayoitwa modeli ya kihisabati: mambo machache yanayopimika, yakaunganishwa kwa kanuni, ili tujue lipi likiguswa hali itageuka vipi. Si ramli. Mfano, mbu haishi kwenye kituo cha hali ya hewa. Hupumzika ndani ya nyumba, na chumba cha mabati chenye watu wengi huweza kuwa na joto kuliko nje. Chumba kikiwa na wastani wa nyuzi 22, zile siku 37 hushuka hadi 18 au 19, na mbu wanaofika huwa 14 badala ya wawili. Nyuzi tatu tu zimezidisha hatari mara saba.

Jambo la pili ni safari za watu. Mwaka 2012 jarida la Science lilichapisha utafiti uliotumia kumbukumbu za simu za Wakenya karibu milioni 15, bila kutaja majina, kulinganisha safari zao na ramani ya malaria. Ulionyesha vimelea vikisafirishwa kutoka eneo la Ziwa Victoria, na Nairobi ikiwa miongoni mwa vituo vikubwa vya kuvipokea. Kwa hiyo vimelea havijawahi kukosa nauli ya kuja Nairobi. Kilichokosekana ni mbu wa kutosha wa kuvisambaza.

Hapo ndipo anapoingia mbu mgeni, Anopheles stephensi, mwenyeji wa Asia Kusini na Uarabuni. Mbu wetu wa malaria tuliowazoea hupenda vidimbwi na maji ya mashambani. Huyu hutaga hata kwenye matangi na mapipa ya mjini. Alionekana Jibuti mwaka 2012, mwaka ambao nchi hiyo iliripoti wagonjwa 27 wa malaria. Mwaka 2020 walizidi 73,000. Huenda yapo mengine yaliyochangia, lakini mbu huyu ni mshukiwa mkuu. Alionekana Ethiopia 2016, Somalia 2019, na Februari 2023 taasisi ya KEMRI ikatangaza kwamba amepatikana Laisamis na Saku, kaunti ya Marsabit.

Hakuja bila onyo. Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Marianne Sinka wa Chuo Kikuu cha Oxford walichunguza joto, mvua na msongamano wa watu kule anakoishi, wakatafuta miji ya Afrika inayofanana na kwao. Walikadiria kwamba akienea, watu milioni 126 zaidi mijini wataingia hatarini.

Barabara ya Moyale hupita Marsabit na Isiolo hadi Nairobi. Mabasi yake hushusha abiria Eastleigh, na mbuzi wa kaskazini huuzwa Kiamaiko. Na Eastlands kipo kile mbu huyu anachokitafuta. Kwa sababu ya mgao wa maji, kuna tangi juu ya paa, pipa kwenye ngazi na mitungi jikoni. Sisi Pwani tunaijua hadithi hii. Dengue ya 2013 na chikungunya iliyotukumba Mombasa mwishoni mwa 2017 zilienezwa na mbu mwingine, Aedes, anayezaliana kwenye maji yayo hayo ya nyumbani.

Je, basi tuue mbu wote? Ronald Ross, aliyethibitisha mwaka 1897 kwamba mbu hubeba malaria, aliulizwa swali hilo mara nyingi. Alijibu kwa hesabu: kuna kiwango ambacho mbu wakipungua chini yake, kila mgonjwa humwambukiza chini ya mtu mmoja, na ugonjwa huzimika wenyewe hata kama mbu wapo. Hatuhitaji kufika sufuri.

Kwa mkazi wa Eastlands maana yake ni rahisi. Funika tangi. Mwaga na usugue pipa kila wiki, kabla viluwiluwi havijawa mbu. Ukiwa na homa, pimwa malaria hata kama hukusafiri.

Lakini tusimtwishe mpangaji mzigo wote. Bomba likikauka, pipa jingine hununuliwa, na kila pipa lisilofunikwa huongeza tarakimu moja kwenye hesabu ya Ross. Anayeamua bomba litoe maji siku ngapi kwa wiki ameshika namba kubwa kuliko anayegawa vyandarua. Kaunti ikipanga bajeti ya maji ya Eastlands, ijue kwamba inapanga pia bajeti ya malaria.