Anayeumwa kichwa ndiye kiongozi wa safari

WATU wengi huamini kwamba hatari ya milima ya Himalaya ni barafu, majabali na baridi kali. Hatari hizo zipo. Lakini kwa vijana wanaojikusanya na kuweka akiba ili waende Nepal kutembea milimani, kuna hatari nyingine isiyosemwa sana, nayo ni marafiki wenyewe.

Tuchukue mfano wa Thorong La, njia maarufu iliyoko kaskazini mwa safu ya Annapurna. Neno ‘la’ katika lugha ya Kitibeti ni pengo kati ya milima ambalo watu hulipitia kutoka bonde moja hadi jingine. Kwa hivyo Thorong La si kilele. Ni mahali pa chini kabisa ambapo mtu anaweza kuvukia! Hata hivyo, pako mita 5,416 juu ya usawa wa bahari. Batian, ncha ya juu kabisa ya Mlima Kenya, ina mita 5,199. Yaani ukisimama penye njia tu kule Nepal, umeupita mlima wetu kwa zaidi ya mita 200, na bado majabali yanakutazama kutoka pande zote mbili.

Kwa kimo hicho, kila pumzi humletea mtu karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata Mombasa. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, almuradi upewe siku za kutosha. Mkazi wa Nairobi asijidanganye kwamba amekwisha kuzoea kwa sababu mji wake uko mita 1,700 hivi. Akifika mita 3,500, yeye na mtu wa pwani wote huanza kuhema.

Zamani safari ilianzia mji wa Besisahar, ulio chini ya mita 1,000, na wasafiri walipanda kwa miguu karibu wiki nzima wakifuata mto Marsyangdi hadi kijiji cha Manang, chenye mita 3,500 hivi. Uchovu wa njia ndio uliokuwa dawa, kwani miguu haikuweza kwenda kasi kuliko damu. Siku hizi barabara ya vumbi imechongwa ubavuni mwa mlima, na gari aina ya jeep laweza kumfikisha mtu Manang kwa siku moja au mbili. Mimi naona barabara hiyo imewafaa sana wenyeji, lakini kwa mgeni asiyejua ni mtego.

Manang ni mahali pa kutulia. Nyumba ni za mawe na mapaa ni bapa. Vibanda vya wageni huuza chai, supu ya kitunguu saumu, na dal bhat, yaani wali kwa mchuzi wa dengu, ambao mpishi hukuongezea sahani ikipungua. Tangu miaka ya 1980, Shirika la Uokoaji la Himalaya limekuwa na zahanati pale wakati wa msimu, na madaktari wake huwaeleza wasafiri juu ya maradhi ya mlimani. Desturi ni kulala Manang angalau siku mbili kabla ya kuendelea.

Sasa hebu fikiria kundi la marafiki wanne. Watatu wako salama. Wa nne ameamka na kichwa kinamgonga, chakula hakipandi, na usiku hakupata usingizi. Je, atasema? Tikiti ya ndege ina tarehe yake. Likizo zinakwisha. Wenzake wamekopa pesa ili waje. Isitoshe, tangu shuleni yeye ndiye aliyejulikana kuwa mwepesi wa mbio. Basi anameza vidonge viwili vya maumivu, anatabasamu, na kuinua mkoba wake.

Hapo ndipo urafiki unapogeuka sumu. Madaktari waliochunguza vifo vya watalii Nepal kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 waligundua kwamba maradhi ya mlimani yaliwaua zaidi watu waliokuwa katika makundi yenye ratiba iliyopangwa kuliko wale waliojiendea kwa hiari yao. Si kwamba watu wa makundi walikuwa dhaifu. Kundi lilikuwa na siku zake za kuhesabu, na hakuna aliyetaka kuwa mzigo.

NI NANI ASHUKE NAYE?

Jambo la kwanza la kukubaliana, tena mngali Kathmandu kabla hata ya kununua soksi, ni hili: anayeumwa kichwa ndiye anayeamua mwendo. Mkipita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne mpumzike. Mwenye maumivu asipande hata hatua moja mpaka yaishe. Yakizidi, ashuke.

Kuna dalili ambazo hazingoji asubuhi. Mtu akianza kupepesuka kama mlevi, au kusema maneno yasiyoeleweka, ubongo wake unavimba. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino mbele ya vidole. Akishindwa, safari yake ya kupanda imekwisha. Vivyo hivyo akihema hali amekaa tu, au kukohoa makohozi yenye povu, mapafu yake yanajaa maji. Huyo ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, naye asiachwe ashuke peke yake. Kwa hivyo mjue mapema ni nani kati yenu atakayegeuka pamoja naye. Tangu Aprili 2023, serikali ya Nepal imewataka wageni wawe na mwongozaji mwenye leseni, lakini mwongozaji ni mmoja, naye hawezi kupanda na kushuka kwa wakati mmoja.

Wanafunzi wanaopanda Mlima Kenya nao wasidhani habari hii ni ya mbali. Kwa njia ya Naro Moru, mtu huweza kulala mita 3,050 siku ya kwanza na mita 4,200 siku ya pili. Huo ni mwendo wa kasi kuliko ule wa Manang.

Siku yenyewe ya kuvuka, watu huondoka Thorong Phedi, mita 4,500 hivi, saa kumi alfajiri wakiwa na kurunzi. Upepo huchacha mchana, na mwenye busara hutaka awe amevuka kabla ya saa nne au saa tano asubuhi. Juu kuna bendera za maombi za rangi rangi na kibanda cha chai. Kutoka hapo mteremko wa mita 1,600 huchosha magoti kuliko upandaji wote.

Oktoba ni mwezi wa mbingu safi, ndiyo maana wageni hufurika. Lakini mnamo Oktoba 14, 2014, mabaki ya kimbunga Hudhud, kilichokuwa kimeipiga pwani ya India siku mbili kabla, yaliangusha theluji nzito milimani. Watu wasiopungua 43 walikufa katika eneo hilo, wageni na Wanepali, wapagazi wakiwamo. Wengi walikwama kwenye mteremko wa Thorong La, hawaoni njia, theluji ikiwafikia kiunoni. Waliobaki vibandani siku hiyo walipoteza ratiba tu.

Walio salama huteremkia Muktinath, hekalu linaloheshimiwa na Wahindu na Wabudha, ambako maji ya baridi hutiririka kutoka mifereji 108 na mahujaji hupita chini yake wakitetemeka. Yule aliyegeuka Manang naye hajakosa yote. Akishapata nafuu, hupanda basi kutoka Besisahar hadi Pokhara, mji ulio mita 800 hivi kando ya ziwa Phewa, akawangoja wenzake wanaoshuka kwa gari wakifuata mto Kali Gandaki.