Maji ya Ruvu Yafikapo Zinga: Tunachostahiki na Tunachodaiwa



Anayesafiri kwa barabara ya Bagamoyo, akapita Kerege na Zinga, hupita jirani na maji mengi asiyoyaona. Mtambo wa Ruvu Chini, uliojengwa mwaka 1976 wilayani Bagamoyo, huyavuta maji ya mto, huyasafisha, kisha huyasukuma hadi Dar es Salaam. Upanuzi uliofadhiliwa na Marekani uliongeza uwezo wake kutoka lita milioni 182 hadi lita milioni 270 kwa siku. Hata hivyo, si wachache katika ukanda huu walioyaona maji hayo yakienda mjini huku wao wakichota ya visima vyenye chumvi.

Mwenye dhamana ni DAWASA, ambayo licha ya kubeba jina la Dar es Salaam huhudumia pia Bagamoyo, Kibaha na Chalinze. Wengi wetu twaijua kwa ankara tu. Kuunganisha nyumba, kupima ubora wa maji na kuziba mabomba yaliyopasuka ni kazi zake vilevile, na majitaka pia yamo, maana jina lake kamili hutaja usafi wa mazingira. Hilo twalisahau, nalo ndilo zito kuliko yote huku pwani. Mchanga hupitisha maji upesi. Choo cha shimo kikichimbwa karibu na kisima, wa kwanza kuugua ni watoto.

Tuseme ndoo ya lita 20 yauzwa shilingi 100. Uniti moja ya dira ni lita 1,000, yaani ndoo 50: shilingi 5,000 kwa asiye na bomba. Maskini, kama ilivyo ada, ndiye alipaye zaidi. Basi kaya zinazoomba kuunganishwa zisionekane kuwa zinaomba hisani.

Bei ya uniti haipangwi na msomaji dira. Huidhinishwa na EWURA. Mwenye shaka na ankara yake aanzie ofisi ya mamlaka, na asiporidhika aifikie EWURA.

Nasi tuna letu. Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita, ilhali sisi huacha koki ikimwaga tangu viganja hadi miguu. Ukame wa 2022 ulileta mgao Dar es Salaam, na Bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, linalokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190, linajengwa kwa sababu mto pekee hautoshi.

Usiku, kabla ya kulala, fungeni koki zote na muitazame dira. Ikiwa yazunguka, pana uvujaji ndani ya nyumba, na gharama yake ni juu ya mwenye nyumba. Uvujaji wa kabla ya dira ni wa mamlaka. Utolewe taarifa siku hiyohiyo, na namba ya taarifa iandikwe.